Intaneti kwenye Kishikwambi Ukiwa Mapumzikoni Kijijini Nje ya Nchi

Kishikwambi kimekuwa kifaa cha kawaida katika kaya nyingi nchini. Wengi walikiona kwa mara ya kwanza mikononi mwa makarani wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022. Leo watoto wanakitumia kwa masomo, wazazi kwa kazi za ofisi, na familia nzima kwa mazungumzo ya video na ndugu walio mbali. Ni jambo la kawaida, basi, kwamba familia inapokwenda likizo katika nchi nyingine, kishikwambi nacho huingia kwenye mzigo.

Mjini kifaa hiki hakina matatizo makubwa, kwa kuwa hoteli na migahawa huwa na Wi-Fi. Matatizo hujitokeza pale familia inapopanga nyumba ya mapumziko shambani au kijijini, ambako minara ni michache, duka la laini liko kilomita kadhaa, na Wi-Fi ya mwenye nyumba ama haipo ama ni hafifu. Huko ndiko mtumiaji anapojikuta na moja kati ya mambo mawili: kukosa mawasiliano kabisa, au kuyapata kwa gharama ambayo hakuitarajia.

Makala hii inaeleza namna ya kuepuka yote mawili. Kwa mfano wa mfululizo tutaitumia familia ya kufikirika ya watu wanne kutoka Moshi, inayokusudia kukaa siku 10 katika nyumba ya kupanga karibu na Loitokitok, upande wa Kenya wa Mlima Kilimanjaro, ikivuka mpaka kupitia Tarakea. Mwishoni mwa sehemu ya masharti tutagusa pia safari za Ulaya, kwa kuwa maswali yake ni tofauti kidogo.

Kwanza: Je, kishikwambi chako kinapokea laini?

Vishikwambi viko vya aina mbili. Aina ya kwanza hutumia Wi-Fi peke yake. Aina ya pili ina nafasi ya laini ya simu, au ina uwezo wa kutumia laini ya kielektroniki ijulikanayo kama eSIM, na hivyo huweza kuunganishwa moja kwa moja na mtandao wa simu. Kwa macho, aina hizi mbili hufanana sana. Tazama ubavuni mwa kifaa kama kuna kitundu kidogo cha kufungulia kijaluba cha laini, au fungua mipangilio uone kama kuna sehemu ya mtandao wa simu. Iwapo kishikwambi chako ni cha Wi-Fi tu, usikate tamaa. Kitapata intaneti kupitia simu yako, kama itakavyoelezwa mbele.

Kama kinapokea laini, kagua mambo matatu kabla ya kusafiri.

Jambo la kwanza ni kufungwa. Vifaa vingine, hasa vilivyonunuliwa kwa mkataba ng'ambo, hufungwa na kampuni iliyoviuza ili vitumie laini ya kampuni hiyo pekee. Njia rahisi ya kujua ni kuazima laini ya kampuni nyingine na kuijaribu ukiwa bado nyumbani.

Jambo la pili ni masafa. Mtandao wa simu husafiri kwa mawimbi ya redio ya masafa mbalimbali. Masafa ya chini hufika mbali zaidi na hupenya kuta vizuri zaidi, kwa hiyo ndiyo yanayotegemewa sana vijijini. Barani Ulaya, kwa mfano, 4G ya vijijini hutumia kwa kiasi kikubwa masafa ya megahezi 800, yanayoitwa Bendi ya 20, na Kenya nayo imeyatenga masafa hayo kwa ajili ya 4G. Baadhi ya vishikwambi vilivyotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani havina bendi hiyo. Kifaa cha namna hiyo huweza kufanya kazi vizuri mjini kisha kikazima kijijini, na mtumiaji akadhani laini ndiyo mbovu. Orodha ya bendi huandikwa kwenye kijitabu cha kifaa au kwenye tovuti ya mtengenezaji.

Jambo la tatu ni kizazi cha teknolojia. Kishikwambi cha zamani kinachoishia 3G kitapata shida katika nchi ambazo zimezima mitandao hiyo. Ujerumani, kwa mfano, ilizima 3G mwaka 2021. Kifaa cha 3G kikifika huko hubakiwa na 2G, ambayo kwa intaneti haitoshi zaidi ya ujumbe wa maandishi.

Pili: Njia tano za kupata intaneti

Mtumiaji aliye nje ya nchi ana njia tano za kuchagua. Kila moja ina faida na gharama yake.

1. Roming, yaani kuendelea kutumia laini yako ya Tanzania kupitia mtandao wa nchi uliyomo. Faida yake ni urahisi: hubadilishi chochote na namba yako inabaki ile ile. Hasara yake ni bei. Kampuni yako hulazimika kuilipa kampuni ya nchi mwenyeji kwa kila kiasi cha data unachotumia, na gharama hiyo hukufikia wewe. Aidha, data ya roming kwa kawaida huzunguka hadi kwenye mitambo ya kampuni yako nyumbani kabla ya kuingia kwenye intaneti, kwa hiyo mazungumzo ya video huweza kuchelewachelewa hata pale mawimbi yanapokuwa mazuri.

2. Laini ya nchi unayotembelea. Hii aghalabu ndiyo njia nafuu kwa anayekaa zaidi ya siku mbili au tatu, kwa kuwa unalipa bei ile ile anayolipa mwenyeji. Utahitaji kusajili laini hiyo kwa hati halali ya utambulisho.

3. Laini ya kielektroniki ya msafiri. Hununuliwa mtandaoni na kupakiwa kwenye kifaa kwa kupiga picha ya alama maalumu. Haihitaji duka wala kijaluba. Nyingi huwa za data pekee, bila namba ya kupiga wala kupokea simu.

4. Kugawana intaneti ya simu, yaani simu kugeuzwa hotspoti na kishikwambi kuunganishwa nayo kana kwamba ni Wi-Fi. Njia hii inafaa vishikwambi vya aina zote, na simu inaweza kuwa na laini yoyote kati ya zilizotajwa juu. Yapo pia makasha madogo ya kubebeka yanayofanya kazi hiyo hiyo.

5. Intaneti ya mwenye nyumba. Nyumba nyingi za mapumziko sasa zina Wi-Fi, na baadhi ya zilizo mbali na minara hutumia intaneti ya setilaiti. Nchini Kenya huduma ya Starlink ilianza mwaka 2023. Tatizo ni kwamba neno "Wi-Fi ipo" katika tangazo la nyumba halisemi inasafirisha data kwa kasi gani, ina kikomo gani cha matumizi, wala inafika chumba gani.

Kwa familia yetu ya mfano, uamuzi wa busara ni kuchanganya njia: laini moja ya Kenya kwa ajili ya data, na laini za Tanzania kubaki kwenye simu zikiwa zimezimiwa data, kwa sababu zitakazoelezwa hapa chini.

Tatu: Mwulize mwenye nyumba maswali sahihi

Ramani za upatikanaji wa mtandao zinazotolewa na kampuni za simu ni msaada mzuri wa kuanzia. Hata hivyo, ramani hizo huchorwa kwa ukokotoaji, na kwa kawaida huonyesha hali ya mtu aliyesimama nje, mahali peupe. Hazijui kwamba nyumba yako iko bondeni nyuma ya kilima, wala kwamba kuta zake ni za mawe na paa lake ni la bati.

Anayejua ukweli ni anayeishi pale. Kabla ya kulipa malipo ya awali, mwulize mwenye nyumba au mlinzi wake maswali haya:

- Ni kampuni gani ya simu inayoshika vizuri zaidi ndani ya nyumba?
- Simu yake inaonyesha alama gani akiwa sebuleni: 4G, H au E?
- Kuna sehemu ya nyumba ambako mtandao hupotea?
- Kama kuna Wi-Fi, je, ina kikomo cha data, na hufanya kazi umeme ukikatika?

Alama hizo ndogo zinazotokea juu ya kioo zina maana kubwa. 4G hutosha kwa video. H ni 3G, hutosha kwa mazungumzo ya sauti na kurasa za kawaida. E ni aina ya 2G. Ujumbe utapita, lakini picha zitasubiri na video haitafunguka. Mwenye nyumba akijibu kwamba kwake huonekana E, panga likizo yako kwa kuzingatia hilo: pakua filamu, vitabu vya watoto na ramani za eneo mapema, ukiwa bado nyumbani kwenye Wi-Fi.

Nne: Kununua na kusajili laini ugenini

Nunua laini kwenye duka la kampuni au kwa wakala anayetambulika, katika mji wa mwisho mkubwa kabla ya kuelekea kijijini. Nchini Kenya, kama ilivyo hapa kwetu, laini lazima isajiliwe, na mgeni hutakiwa kuonyesha hati yake ya utambulisho. Beba pasipoti yako halisi. Ujerumani nayo inataka mnunuzi wa laini ya malipo ya kabla athibitishe utambulisho wake, sharti lililoanza mwaka 2017, ilhali Uingereza haina sharti hilo.

Kataa kabisa laini inayouzwa mpakani ikiwa "imeshasajiliwa". Laini hiyo imesajiliwa kwa jina la mtu usiyemjua. Anaweza kuifunga wakati wowote. Na ikiwa iliwahi kutumika katika utapeli, ni wewe utakayekutwa nayo mkononi. Watanzania wanakumbuka kwamba usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza nchini mwaka 2019, na kwamba laini ambazo hazikuhakikiwa zilianza kuzimwa Januari 2020. Sababu za utaratibu huo ndizo hizo hizo zilizopo katika nchi za wenzetu.

Ukiwa bado dukani, fanya mambo manne kabla ya kuondoka. Weka muda wa maongezi. Nunua kifurushi cha data ukitumia simu, si kishikwambi. Vishikwambi vingi haviwezi kupiga namba za menyu zinazoanza na nyota na kuishia na reli, na mtu anayehamisha laini mapema mno hujikuta ana salio lakini hana njia ya kununua kifurushi. Kisha hamishia laini kwenye kishikwambi na ufungue ukurasa wowote wa intaneti uone kama unafunguka. Usipofunguka, mwombe mhudumu akague jina la lango la data, linaloandikwa APN kwenye mipangilio. Simu nyingi hulijaza zenyewe lakini vishikwambi vingine huhitaji kuandikiwa. Kosa linalorekebishwa dukani kwa dakika mbili linaweza kukugharimu safari nzima ya kurudi mjini.

Ukichagua laini ya kielektroniki ya msafiri, ipakie kabla hujaondoka nyumbani, kwa kuwa kuipakia kwenyewe kunahitaji intaneti. Soma inatumia mtandao wa kampuni gani katika nchi unayokwenda. Ikiwa kampuni hiyo haishiki kijijini kwenu, bei nafuu haitakusaidia. Soma pia muda wake unaanza kuhesabiwa lini, siku ya kununua au siku ya kuitumia mara ya kwanza. Usiifute kwenye kifaa kwa kudhani utaipakia tena, kwani nyingi haziruhusu kupakiwa mara ya pili.

Tano: Kifurushi kikubwa kiasi gani?

Watumiaji wengi hununua kifurushi kwa kukisia. Hesabu fupi inatosha kuondoa kukisia huko. Kwa makadirio ya kawaida, ujumbe, habari na ramani kwa siku hutumia takribani MB 100. Mazungumzo ya video ya nusu saa, takribani MB 200. Na filamu ya saa moja yenye ubora wa wastani, takribani MB 700. Filamu yenye ubora wa juu huweza kufikia GB 3 kwa saa moja.

Familia yetu ikifanya yote hayo kila siku kwa ubora wa wastani, itatumia takribani GB 1 kwa siku, yaani GB 10 kwa siku zote 10. Ikipakua filamu kabla ya safari na kuzitazama bila intaneti, matumizi yatashuka hadi takribani GB 3. Uamuzi huo mmoja, unaofanyika sebuleni nyumbani, unapunguza zaidi ya theluthi mbili ya gharama.

Sita: Mahali ambapo fedha hupotea

Malalamiko kuhusu gharama za data nje ya nchi huwa na vyanzo vinavyofanana. Mtumiaji anayevijua anaweza kuviziba vyote.

Cha kwanza ni roming isiyokusudiwa. Wakazi wa Rombo, Sirari, Namanga na Mutukula wanalifahamu jambo hili: mawimbi hayasimami mpakani. Simu iliyo upande mmoja huweza kushika mnara wa upande wa pili. Nyumba ya Loitokitok iko jirani na mpaka, kwa hiyo laini ya Kenya iliyomo kwenye kishikwambi inaweza kushika mnara wa Tanzania usiku mmoja na kuanza kutumia data kwa bei ya roming ilhali kifaa hakijasogezwa hata hatua moja. Dawa yake ni mbili: zima roming ya data kwenye mipangilio ya kifaa, na uchague mtandao wewe mwenyewe badala ya kukiachia kifaa kichague.

Cha pili ni kazi za chinichini. Hata kishikwambi kikiwa kimelazwa mezani, programu zake husasishwa, picha hupelekwa kwenye hifadhi ya mtandaoni na barua pepe hupakuliwa. Tuchukulie, kwa mfano tu usiohusu kampuni yoyote, kwamba bei ya roming nje ya kifurushi ni shilingi 300 kwa MB 1. Masasisho ya MB 600 yatagharimu shilingi 180,000. Mwenye laini ya malipo ya kabla atapoteza salio lake lote. Shilingi 20,000 zitakwisha kwa MB 67 hivi. Mwenye mkataba wa malipo ya baada hatakatiwa huduma, na ankara itamfikia baadaye akiwa amekwisha sahau safari.

Cha tatu hakifahamiki sana, nacho ndicho kinachowapata hata walio makini. Kishikwambi kilichounganishwa na hotspoti ya simu huamini kwamba kiko kwenye Wi-Fi. Kwa kuwa vifaa vingi hupangwa kusasisha programu na kuhifadhi picha "kwenye Wi-Fi tu", mara kinapounganishwa huanza kazi hizo zote kwa mkupuo, na kifurushi cha simu humalizika kwa saa chache. Fungua mipangilio ya Wi-Fi ya kishikwambi, uguse jina la hotspoti yako, uiweke kuwa mtandao wenye kikomo au uwashe hali ya kuokoa data. Zima pia masasisho ya moja kwa moja na video zinazojicheza zenyewe.

Cha nne ni kifurushi kuisha bila taarifa. Kabla ya kuondoka, mwulize mtoa huduma wako: kifurushi kikiisha, data hukatika au huendelea kwa kutoza salio? Omba data ikatike. Mwenye mkataba aombe kikomo cha matumizi kiwekwe kwa maandishi.

Saba: Usiiache laini ya nyumbani

Wasafiri wengine huichomoa laini ya Tanzania na kuifungia kabatini ili kukwepa gharama. Hilo ni kosa. Benki hutuma namba za uthibitisho kwenye laini hiyo, na akaunti yako ya fedha kwa simu imefungamana nayo. Mtu aliye ugenini ndiye anayehitaji zaidi kufikia fedha zake, na ndiye atakayechelewa kujua kama kuna mtu anajaribu kuziiba.

Iache laini kwenye simu, zima roming ya data, na uache simu na ujumbe mfupi vifanye kazi. Kupokea ujumbe mfupi ukiwa katika roming aghalabu hakutozwi, lakini kupokea simu kunaweza kutozwa. Uliza bei hizo kabla ya safari, na uhakikishe huduma ya roming imewashwa ukiwa bado nchini, kwa kuwa baadhi ya watoa huduma huhitaji uiombe. Usimtajie mtu yeyote namba ya siri wala namba ya uthibitisho, hata akijitambulisha kuwa mhudumu wa kampuni ya simu anayetaka "kukurekebishia roming". Hakuna marekebisho ya roming yanayohitaji namba yako ya siri ya fedha.

Nane: Masharti ya kikanda hayalingani

Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki zipo jitihada za kupunguza gharama za roming baina ya nchi wanachama. Mtumiaji asichukulie kwamba punguzo linalotajwa linahusu kila huduma. Bei za sauti na bei za data huwa na masharti tofauti, na kila kampuni ina makubaliano yake. Jibu sahihi ni la mtoa huduma wako, kwa laini yako, kwa nchi unayokwenda.

Kwa safari za Ulaya, wengi wamesikia kwamba huko roming "ni bure". Ni kweli kwamba tangu tarehe 15 Juni 2017 laini ya nchi moja ya Umoja wa Ulaya hutumika katika nchi nyingine za Umoja huo bila tozo za ziada za roming, kwa masharti ya matumizi ya haki, na kanuni hiyo imeongezwa muda hadi mwaka 2032. Norwei, Iceland na Liechtenstein zimo pia. Lakini kanuni hiyo inahusu laini zilizotolewa na kampuni za nchi hizo. Laini ya Tanzania haifaidiki nayo. Mtanzania atafaidika iwapo atanunua laini, tuseme, nchini Ureno, kisha akaitumia katika nyumba ya shambani Hispania. Aidha, Uswisi na Uingereza hazimo katika utaratibu huo. Anayepanga nyumba karibu na mpaka wa Uswisi ana tatizo lile lile la Loitokitok na anapaswa kuchagua mtandao yeye mwenyewe.

Tisa: Mtandao ukiwa hafifu ndani ya nyumba

Kabla ya kulaumu laini, sogeza kifaa. Mawimbi hudhoofishwa na kuta za mawe, paa la bati, vilima na miti mingi. Panda ghorofani, au nenda kwenye dirisha linalotazama upande ulipo mnara. Hatua chache huweza kubadili E kuwa 4G. Ukishapata mahali pazuri, weka simu hapo ikiwa hotspoti, ikiwa imeunganishwa kwenye chaji, kisha utumie kishikwambi ukiwa umeketi chumbani. Kwa njia hiyo simu inafanya kazi ya antena na wewe huhitaji kusimama dirishani. Mahali penye umeme wa jua, beba betri ya akiba, maana hotspoti hutumia chaji nyingi.

Usinunue kifaa cha kukuza mawimbi kutoka kwa muuzaji wa mtaani. Katika nchi nyingi vifaa hivyo haviruhusiwi kutumika bila idhini ya mdhibiti, kwa kuwa huweza kuvuruga mnara unaotegemewa na kijiji kizima, wakiwemo wanaohitaji kupiga simu za dharura. Vivyo hivyo, usivuke mpaka na vifaa vya intaneti ya setilaiti kabla ya kuuliza mamlaka ya nchi husika.

Kumi: Ukiwa na lalamiko

Gharama zikikatwa isivyo halali, ushahidi wako ndio nguvu yako. Hifadhi ujumbe wa kununua kifurushi, piga picha ya kioo kinachoonyesha salio kabla na baada, na uandike tarehe na saa.

Lalamiko kuhusu laini ya Tanzania lipeleke kwanza kwa mtoa huduma wako, hata kama tatizo lilitokea nje ya nchi, na udai namba ya kumbukumbu. Usiporidhika na jibu, au usipojibiwa, lifikishe kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano nalo lipo kwa ajili ya kukuelekeza na kutetea maslahi yako. Lalamiko kuhusu laini uliyonunua ugenini hushughulikiwa na kampuni iliyokuuzia, na baada yake mdhibiti wa nchi hiyo. Kwa Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Kwa sababu hiyo, usitupe stakabadhi ya laini ya kigeni mpaka likizo iishe na salio lieleweke.

Muhtasari wa kukagua siku moja kabla ya safari

- Kishikwambi kimejaribiwa kwa laini ya kampuni nyingine, na bendi zake zimelinganishwa na za nchi uendayo.
- Mwenye nyumba ametaja kampuni inayoshika na alama inayoonekana sebuleni.
- Filamu, vitabu na ramani zimepakuliwa.
- Masasisho ya moja kwa moja na roming ya data vimezimwa kwenye vifaa vyote, vikiwemo vya watoto.
- Laini ya Tanzania imebaki kwenye simu, roming ya sauti na ujumbe imewashwa, na bei zake zimeulizwa.
- Pasipoti iko tayari kwa usajili wa laini ya ugenini.
- Namba ya huduma kwa wateja inayopigwa ukiwa nje ya nchi imeandikwa kwenye karatasi; namba fupi za nyumbani huenda zisipatikane huko.